Plastiki Isiyoogopa Moto

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawanya sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tangu mwezi wa pili. Jambo lenyewe ni plastiki. Najua wasomaji wengi wataguna, maana tangu Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Juni, 2019, neno hilo limekuwa kama tusi. Mimi siitetei mifuko. Natetea plastiki moja tu, nyembamba kuliko karatasi, yenye rangi ya asali.

Siku moja ya usafi nilitumwa kumwaga taka katika shimo lililo nyuma ya jiko, ambamo taka zetu zote huchomwa. Humo nikaona simu mbovu iliyopasuka kioo. Niliiokota nikampelekea Mwalimu wetu wa Fizikia upesi, kwa kuwa mwanafunzi wa bweni akikutwa na simu, hata iliyokufa, ana maelezo marefu ya kutoa. Mwalimu alicheka, akaturuhusu tuifungue katika maabara. Ndani mlikuwa na mkanda mwembamba unaokunjika kama utepe, na nyaya za shaba zimelala ndani yake. Tulifungua madirisha, tukawasha chuma cha kulehemu, tukakigusisha kwanza kwenye kipande cha chupa ya maji. Kikajikunja mara moja kama jani la mgomba motoni. Kisha tukaugusa ule mkanda. Gundi ilichemka kidogo pembeni, lakini utando wenyewe haukuyeyuka. Tulihesabu mpaka sitini.

Utando huo huitwa poliimaidi. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliutengeneza katika miaka ya 1960 kwa jina la Kapton, nao huvumilia tangu baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri hata joto la nyuzi 400. Chombo kilichowashusha watu mwezini mwaka 1969 kilifungwa kwa karatasi za namna hiyo, na ile rangi ya dhahabu tunayoiona katika picha zake ndiyo hii hii ya mkanda wetu. Plastiki ya kawaida ni minyororo mirefu ya molekuli iliyolala ovyo kama tambi sahanini. Joto likizidi, minyororo huteleza. Minyororo ya poliimaidi imejaa pete ngumu, nayo huvutana kwa nguvu hata haipati nafasi ya kuteleza. Kuvutana huko ndiko pia kunakoipa rangi ya asali, na kwa hiyo ni kazi ngumu kuipata iliyo angavu kama kioo.

Msomaji atauliza, haya yahusu nini swichi? Transista ni swichi isiyohitaji kidole: umeme mdogo hufungua au huzuia njia ya umeme mwingine. Nyuma ya kila nukta ya skrini ya simu zimo swichi hizo. Nazo hazipandikizwi moja moja, bali hujengwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka la silikoni kwa desturi hulazwa katika joto la nyuzi 300 hivi. Kioo huvumilia joto hilo. Plastiki ya chupa huanza kulegea hata kabla maji hayajachemka.

Tena kuyeyuka siyo hatari ya kwanza. Kabla ya kuyeyuka, plastiki hurefuka ikipata joto na hujikunyata baadaye. Kioo cha skrini chenye urefu wa mita moja, kikiongezwa joto la nyuzi 100, hurefuka chini ya nusu milimita. Plastiki nyingi hurefuka mara kadhaa ya hapo. Bila shaka umepata kuona kanga ambayo rangi ya pili imechapwa kando ya ua badala ya ndani yake. Kanga hiyo yavaliwa tu, hakuna neno. Lakini swichi ambayo njia zake zina upana wa elfu chache tu za milimita, tabaka likikaa kando, imekufa. Kwa hiyo viwandani hupaka poliimaidi ikiwa bado majimaji juu ya kioo, huioka ikawa utando, hujenga swichi zote juu yake, kisha huibandua kwa mwanga wa leza unaopita upande wa chini wa kioo. Ndivyo zilivyopatikana skrini za simu zinazokunjwa.

Hapa ndipo mimi na mwenzangu wa dawati moja tunapogombana. Yeye ashika ya kwamba kutafuta plastiki ya kuvumilia moto ni kupoteza nguvu. Yafaa kuupoza moto wenyewe. Ushahidi anao. Mwaka 2004 Profesa Hideo Hosono na wenzake wa Tokyo walitangaza transista za oksidi ya indiamu, galiamu na zinki, zilizojengwa katika joto la kawaida la chumba juu ya utando wa jamii moja na plastiki ya chupa. Nilipoisoma habari hiyo nilinyamaza siku mbili, na yeye hakuniacha nisahau.

Lakini siku ya tatu nilimjibu, na jibu hilo bado nalishika. Swichi haiishi kiwandani. Itawekwa chini ya bati saa saba mchana, au ndani ya gari lililoachwa juani, au italehemiwa na fundi mwenye haraka. Mwaka 2012 kikundi cha Profesa Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo kilionyesha transista za kupindika zilizovumilia joto la nyuzi 150, yaani zaidi ya joto la mvuke linalotumika hospitalini kuulia vijidudu vya vyombo. Chombo cha kuwekwa mwilini mwa mgonjwa, kisichoweza kupitishwa katika joto hilo, chanifaa nini? Plastiki ya chupa yaweza kuizaa swichi, nakubali, ila sioni itakavyoilea.

Yeye naye hakukosa la kusema, na hili limenikaa rohoni kuliko lile la Tokyo. Aliniuliza: "Kama haiyeyuki, utaifanyaje ikiisha kazi?" Ni kweli. Ndoo iliyopasuka huyeyushwa ikafinyangwa ndoo nyingine. Poliimaidi haifinyangwi tena. Sifa ninayoisifu ndiyo dosari yake. Inabaki kuchomwa, na hapa kwetu kuchomwa maana yake ni lile shimo la nyuma ya jiko, ambamo nyaya, betri na maganda ya simu huungua pamoja na majani, na moshi wake huingia jikoni kwa wapishi wetu na katika bweni la Kidato cha Kwanza. Waulizeni wadogo zetu wanaolala upande ule wanafungaje madirisha Jumamosi jioni.

Kwa sababu hiyo, maoni yangu ni kwamba kitu cho chote cha umeme kilichoharibika kisitupwe shimoni humo. Kiletwe maabara. Kabati la mwisho, karibu na sinki, lina rafu mbili tupu. Klabu itatenga shaba, skrubu na mikanda ya asali. Betri zitakaa peke yake katika ndoo ya mchanga, mpaka apatikane mnunuzi wa vyuma chakavu anayejua kazi yake. Wengine wamesema tutageuza maabara kuwa jalala. Nawajibu kwamba jalala tunalo tayari, nalo linawaka moto.

Nimekwisha kumwandikia Kiranja wa Mazingira, naye amesema atalipeleka kwa Mwalimu wa zamu baada ya likizo. Wakati huo sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika kujiandaa kwa mtihani wa Novemba. Mkanda wenyewe nimeuacha maabara, ndani ya kiberiti kitupu, rafu ya juu. Mwenzangu ameandika juu yake kwa kalamu: "Usichomwe."

Mwanafunzi, Kidato cha Nne