Bibi Mwenye Macho Mekundu Apumzike

Test zimeisha, boom halijaingia, kwa hiyo leo sina cha kufanya zaidi ya kusema lililonikaa kifuani.

Ijumaa iliyopita wenzetu wanaosoma filamu walionyesha kazi zao fupi pale ukumbini. Zilikuwa 7, zote za kutisha au za taharuki. Mie nilikwenda na kidaftari na nikajipa kazi moja tu: kuandika kinachotokea ndani ya dakika 2 za mwanzo za kila filamu. Msinicheke. Kuna wakati Uingereza wanafunzi wa sekondari wanaosoma media walipewa mtihani wa namna hiyohiyo, kutengeneza mwanzo wa filamu tu usiozidi dakika 2, na kwenye hizo walipewa maksi. Maana dakika 2 zinatosha kumjua mtu kama anajua anachokifanya.

Haya, matokeo. Filamu 5 kati ya 7 zimeanza hivi: usiku, radi, kibanda cha nyasi, moshi, bibi kizee mwenye macho mekundu ananuia maneno yasiyoeleweka, anacheka, halafu jina la filamu linadondoka kwa maandishi ya damu. Tano! Utadhani walikodi bibi mmoja wakampitisha kwa zamu. Watu ukumbini walikuwa wanachati.

Ya sita dada anakimbia porini, hatujui anakimbia nini, ila muziki ni mkubwa kuliko yeye.

Ya saba ndiyo imenifanya niandike. Korido ya hosteli, saa 9 usiku, hakuna mtu. Inasikika sauti ya bomba linatiririka. Msichana anatoka na kanga yake, anafunga bomba, anarudi. Akigusa tu kitasa cha mlango wake, bomba linafunguka tena. Jina la filamu. Basi! Hakuna damu, hakuna radi, hakuna muziki. Ukumbi mzima kimya, na simu zimewekwa chini. Na gharama yake? Ni maji tu.

Tofauti iko wapi? Ile ya bomba inatuuliza swali. Zile 5 zinatupa jibu kabla hatujauliza: mchawi ni huyu hapa, mtazameni. Ukishamwonyesha mbaya wako dakika ya kwanza, dakika 20 zinazobaki mimi nazifanyia nini?

Wanaojua wameshaonyesha njia. The Blair Witch Project ya 1999 ilitengenezwa na jamaa wawili, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliokutana wakisoma filamu chuoni Florida. Inaanza na maandishi tu: wanafunzi watatu walipotea msituni mwaka 1994 wakipiga filamu yao, na mwaka mmoja baadaye mikanda yao ikapatikana. Basi mtu hatulii tena. Pesa waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kabisa kwa viwango vya Marekani, ila filamu iliingiza karibu dola milioni 250.

Mnasema hao ni Wazungu? Njooni Kenya. Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, imetoka kwenye mpango wa One Fine Day wa kufundisha watengeneza filamu pale Nairobi. Mwanzoni tunamkuta dada anaitwa Kaleche yuko porini mchana kweupe, amevaa gauni la hospitali, hajui amefikaje. Mchana kweupe, jamani! Na bado nywele zinasimama. Filamu ilikwenda mpaka Toronto ikarudi na tuzo ya wakosoaji.

Sasa nije kwenye lenyewe. Ingekuwa ni uvivu tu wa ubunifu nisingepoteza muda wangu. Ila mimi ni mtoto wa Kemondo, na Kanda ya Ziwa picha ya bibi mwenye macho mekundu si mapambo ya filamu. Ni hukumu. Kwa miaka mingi, hasa Shinyanga na Mwanza, akina bibi wamekatwa mapanga kwa sababu mtu aliyatazama macho yao akaamua ni wachawi. Na macho yale yamefanywa mekundu na nini? Moshi wa jikoni, miaka 50 ya kupuliza moto ili sisi tule.

Na imani hiyohiyo ya dawa na waganga ndiyo iliyowafanya wenzetu wenye ualbino wawindwe. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, ila haikuisha. Mei 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao Kamachumu, Muleba, na Juni mwili wake ukapatikana. Kamachumu si mbali na kwetu. Wiki zile mama zetu walikuwa wanafunga milango jua halijazama. Hiyo ndiyo hofu, na haikuhitaji radi.

Najua mtasema filamu ni filamu, watu wanajua ni uongo. Hapana bwana. Kuhusu zimwi wanajua ni uongo. Kuhusu bibi wa jirani, wengine hawajui. Mtasema pia uchawi ndio unauza, Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000 na watu wakazigombania. Sawa, na sisemi tusiguse majini wala uchawi. Nasema tusianze kwa kumnyooshea kidole kikongwe ambaye hana kosa zaidi ya uzee.

Na wala hatuna upungufu wa vitu vya kutisha. Simama ufukweni Kemondo usiku wa giza, mwezi haupo. Ziwani zimepangana taa za wavuvi wa dagaa kama mji. Sasa moja izimike. Halafu ya pili. Halafu ya tatu, na zinazimika kuja upande wako. Tayari filamu imeanza.

Unataka taharuki? Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, bandari ya Kemondo, watu wanapanda MV Bukoba kwenda Mwanza. Mama anahesabu mikungu yake ya ndizi, mtoto anakataa kushika mkono, mtu anachelewa anakimbia awahi. Hakuna anayejua kwamba asubuhi ya tarehe 21 meli itazama karibu na Mwanza na mamia watakufa. Wao hawajui, sisi tunajua, na hatuwezi kuwaambia shuka. Nani anahitaji muziki hapo? Ila atakayeipiga hiyo aanze kwa kukaa na waliofiwa, maana bado wapo.

Kwa hiyo wenzangu wa filamu, najua semesta ijayo mna kazi nyingine. Kamera mnazo, hata simu zenu zinatosha. Anzeni na bomba, anzeni na taa, anzeni na mlango. Bibi mwacheni akae kwenye kibanja chake apate uji.

Nawasilisha.