Kurekodi muziki bila kompyuta: Kabla ya kununua mashine, jua wimbo utatokea wapi

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, anadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi hicho kiliingia sokoni 2017. Laptopu za mtumba zilizotengenezwa kabla ya hapo zimeachwa nje ya mlango.

Desemba mwaka huo huo, kampuni ya Micron ya Marekani ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na diski kwa watumiaji wa kawaida, ili kuelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Bei ya RAM ilikuwa tayari inapanda.

Kwa prodyuza mwenye studio ya chumba kimoja, hizo ni habari mbili mbaya kwa mpigo. Ndiyo maana swali ambalo zamani lilikuwa la wapenda vifaa sasa limekuwa la mfukoni: inawezekana kutengeneza na kurekodi muziki wa elektroniki bila kompyuta kabisa?

Inawezekana. Ila kuna mtego, na wengi wanaugundua wakiwa wameshalipa.

Si jambo jipya

Muziki huu ulizaliwa bila kompyuta. "Acid Tracks" ya kundi la Phuture, iliyotoka Chicago mwaka 1987, imejengwa juu ya Roland TB-303, mashine ya besi ambayo Roland ilikuwa imeacha kuitengeneza tangu 1984 kwa kukosa wanunuzi. Vijana waliiokota kwa bei ya kutupa, wakazungusha vitufe vyake hadi ikatoa mlio ambao waliyoiunda hawakuufikiria.

Upande wa kurekodi, Tascam ilikuwa imeleta Portastudio 144 mwaka 1979: traki nne kwenye kaseti ya kawaida. Traki ni mstari wake wa sauti. Ngoma kwenye traki moja, besi kwenye nyingine, mwimbaji kwenye ya tatu. Mmoja akikosea, anarudia peke yake bila kugusa wenzake.

Mtego wenyewe uko hapo kwenye traki.

Mashine inapiga, lakini inarekodi nini?

Video nyingi za mtandaoni zinaanza na mashine ya kutengenezea biti: ipi ina sauti nzuri, ipi ina vitufe laini. Huko ni kuanza kazi kwa mkia. Biti inaweza kutoka kwenye karibu mashine yoyote. Kinachotofautisha ni namna wimbo unavyotoka nje ya boksi: je, unatoka vipande vipande, au umeshachanganywa kuwa stirio moja isiyotenguka?

Mfano mzuri ni Digitakt II ya Elektron, iliyotoka 2024. Ndani ina traki 16 na ni mashine ya kuheshimika. Lakini matundu yake ya kutolea sauti ni ya stirio tu, kushoto na kulia. Anayetaka kila traki peke yake anapitia programu ya Overbridge, ambayo inafanya kazi kwenye… kompyuta. Mtu amekimbia laptopu, amelipa fedha nyingi, halafu mashine inamrudisha kwenye laptopu ile ile.

EP-133 K.O. II ya Teenage Engineering iliuzwa dola 299 ilipotoka Novemba 2023, inakaa kwenye begi na inatumia betri nne za AAA. Kwa kuchora wazo la biti ndani ya daladala haina mpinzani kwa bei hiyo. Nayo inatoa stirio tu, na ilianza na memori ya MB 64, ambayo inaisha haraka kwa anayependa vipande virefu vya sauti.

Stirio si dhambi. Kwa anayepiga laivu na kutaka kumbukumbu ya shoo, inatosha. Shida inaanza pale msanii anapomwambia prodyuza, "Broo, punguza kiki kidogo, sauti yangu haisikiki." Kama kila kitu kimeshaungana, hakuna cha kupunguza. Inabidi kurudia wimbo mzima, na kama mipangilio ya mashine imeshabadilishwa, ule wa kwanza haurudi tena.

Kwa hiyo kifaa cha kuamua kwanza ni cha kurekodia. Hapa pana familia mbili.

Ya kwanza ni mashine zinazofanya yote ndani ya boksi moja. MPC za Akai kama MPC Live ya 2017 zinafanya kazi zenyewe: zinasampo, zinapanga, zinarekodi vokali juu ya biti, na mwisho zinatoa kila traki kama faili lake. Faili hizo zinaweza kupelekwa kwa fundi wa kumiksi popote alipo. Ukweli ni kwamba ndani yake kuna prosesa na RAM kama kompyuta nyingine, ila iliyonyimwa intaneti ya kuzurura na meseji za WhatsApp. Kwa wengine hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Ya pili ni miksa zinazorekodi kwenye memori kadi. Tascam Model 12 inaandika traki 12 kwa wakati mmoja kwenye kadi ya SD, na Zoom LiveTrak L-12 inaandika hadi 14. Zoom L6, iliyotoka 2024, ni ndogo zaidi, inaweza kutumia betri nne za AA, na inarekodi kwa 32-bit float. Maana yake sauti ikipanda ghafla, MC akapiga kelele katikati ya mstari, faili haliharibiki, inashushwa baadaye. Miksa ya aina hii inapokea mashine yoyote, hata kinanda cha zamani cha kanisani.

Kwa anayerekodi waimbaji kila siku, familia ya pili ina faida moja zaidi: tundu la maiki. MPC One, kwa mfano, haina tundu la XLR. Maiki ya studio haichomekwi moja kwa moja. Inahitaji kifaa kingine katikati, ambacho mnunuzi wengi hawakukiweka kwenye bajeti.

Singeli na spidi

Kuna jambo ambalo watengenezaji wa Japani, Sweden na Marekani hawakulifikiria. Singeli, muziki uliokulia Dar es Salaam na kusambaa duniani baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa "Sounds of Sisso" mwaka 2017, unakimbia kati ya midundo 200 na 300 kwa dakika, na wakati mwingine zaidi. Sehemu kubwa yake imetengenezwa kwenye kompyuta, ambako spidi haina mjadala.

Kwenye mashine, mjadala upo. Roland SP-404MKII, kipenzi cha watu wa hip hop, spidi yake inaishia 200. Digitakt inafika 300. Prodyuza wa singeli akiichukua SP-404MKII bila kuuliza, atakuta ukuta pale pale muziki wake unapoanzia.

Njia ya kuukwepa ipo: kuweka spidi nusu, tuseme 120, na kuandika midundo mara mbili zaidi ndani ya kila bari, ili sikio lisikie 240. Inafanya kazi, lakini inakula hatua za mpangilio na inachosha kichwa pale mashine mbili zinapounganishwa. Spidi ya juu kabisa imeandikwa kwenye mwongozo wa kila mashine. Ni dakika mbili za kusoma.

Umeme ukikatika

Hapa tofauti ya herufi chache inaweza kugharimu wimbo. MPC Live ina betri ndani. MPC One haina. Zote zinashikilia kazi kwenye RAM hadi pale mtumiaji anapoihifadhi. Umeme ukikatika Mbagala au Kibera saa tatu usiku, mwenye Live anaendelea kupiga. Mwenye One anapoteza kila ambacho hakijahifadhiwa, labda awe na UPS.

Miksa za kurekodia nazo zina kisa chao. Vifaa vingi hukamilisha faili pale mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukiondoka katikati, faili linaweza kubaki halisomeki. Vinavyokubali betri au pawa benki vina thamani zaidi huku kuliko vinavyoonekana kwenye tathmini za Ulaya.

Memori kadi yenyewe si ya kuogopesha. Traki 12 kwa ubora wa 24-bit na 44.1 kHz zinakula takriban MB 95 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano unakaribia MB 480, hivyo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa tano. Tahadhari ni moja: kadi feki, zinazojitangaza GB 64 wakati hazifiki hata nane.

Je, ni nafuu kweli?

Mara nyingi si nafuu. Bei ya tovuti ni mwanzo tu. Kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya. Mashine moja ya biti, miksa ya kurekodia, kebo, kadi na hedifoni vinaweza kuzidi laptopu nzuri ya mtumba. Na Windows 10 haikuzimika Oktoba ile. Kompyuta ya zamani ikitolewa kwenye intaneti na kuachiwa kazi ya muziki peke yake inaendelea kufanya kazi. Kwa mwenye nayo, hilo ndilo chaguo la bei rahisi kuliko yote, ingawa hakuna atakayelitengenezea video.

Mashine zinamfaa zaidi anayepiga laivu, anayekaa penye umeme wa mashaka, au ambaye kompyuta yake imekufa kabisa na anaanza upya.

Anayetafuta za mtumba kutoka Japani aangalie volti. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu unazunguka 230 hadi 240. MPC za zamani na sintesaiza nyingi zina transfoma ndani. Zikichomekwa ukutani moja kwa moja zinaungua kabla hazijatoa mlio. Kibandiko cha nyuma kinasema ukweli, na kama kimebanduliwa, mnunuzi ana haki ya kuondoka.

Jaribio la dukani halichukui muda. Rekodi dakika moja ukitumia traki mbili tofauti, simamisha, chomoa kadi, ifungue kwenye simu kwa kisomea kadi. Yakionekana mafaili mawili, kila moja na sauti yake, mazungumzo ya bei yanaweza kuanza.