Aliyelazwa kwa Dawa, Je, Haumwi?

Hospitali Kuu ya Inkosi Albert Luthuli, iliyoko Cato Manor mjini Durban, si mahali pa mgonjwa kujiendea tu. Tangu ilipofunguliwa mwaka 2002, ikiwa na vitanda 846, imekuwa hospitali ya rufaa, na wenye majeraha mabaya ya kichwa huletwa hapo kutoka pembe nyingi za KwaZulu-Natal. Aliyegongwa na gari au kupigwa kichwani hufika hana fahamu, mrija kooni, mashine ikimpumulia. Hasemi, halii. Basi nani ataulizia maumivu yake?

Cha ajabu, kipimo cha kwanza anachofanyiwa kinategemea maumivu hayohayo. Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, humpa mgonjwa alama kuanzia 3 hadi 15. Akipata 8 au pungufu, jeraha huhesabiwa kuwa kali. Mgonjwa asipoitika anapoitwa, daktari humbana ukucha kwa kalamu au humbinya juu ya jicho. Mkono ukikwepa, ni alama nne za viungo. Ukiinuka kuufuata mkono unaombinya, ni tano. Namba inaandikwa, kalamu inarudi mfukoni. Mgonjwa amejibu, lakini jibu lake limesomwa kama habari za ubongo tu.

Kisha huja dawa, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Propofoli na midazolamu humlaza mtu, hazimwondolei maumivu. Kazi hiyo ni ya mofini, fentanili na jamaa zake. Mwenye mbavu zilizovunjika akipewa za kulala peke yake atatulia, na ndugu zake watashukuru kumwona ametulia, ilhali mwili unaendelea kupokea maumivu yote. Anapokohoa akipigana na mrija, shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Miongozo ya mwaka 2016 ya Brain Trauma Foundation inataka tiba ianze shinikizo hilo linapozidi milimita 22 za zebaki. Kwa hiyo kumtuliza maumivu ni sehemu ya kuutibu ubongo wenyewe, wala si hisani.

Wanaosita wana hoja, na si ndogo. Mofini husinyaza mboni za macho, na mboni ndizo daktari anazozikagua usiku kucha kujua kama damu inaongezeka ndani. Hupunguza pia pumzi. Hewa chafu ikijaa kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka na shinikizo hupanda. Utafiti uliofanyika Bolivia na Ekuado na kuchapishwa mwaka 2012 uliwapa nguvu wanaotegemea macho na mikono: wagonjwa waliowekewa kifaa cha kupima shinikizo hawakupata nafuu zaidi kuliko waliofuatiliwa kwa uchunguzi na picha za CT. Lakini hoja hiyo inahusu kumlaza kwa kina gani na kwa muda gani. Haimhalalishi mtu kunyimwa dawa ya maumivu wakati mashine inampumulia na hewa yake inapimwa.

Durban imewahi kulikabili jambo lililo karibu na hili. Mwaka 1992, Jaji Thirion alimruhusu mke wa Dk. Clarke, daktari ambaye ubongo wake uliharibika baada ya moyo kusimama mwaka 1988, kusimamisha lishe ya mrija. Mume alikuwa ameandika mapema kwamba hataki kuishi hivyo. Tangu hapo sayansi imepunguza uhakika wa watu kwamba mgonjwa wa namna hii hatambui lolote. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyeonekana hana ufahamu ajifikirie akicheza tenisi, na picha za ubongo wake zikaonyesha kwamba alisikia na kutii. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi ulikuta hali kama hiyo kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne wasioitikia amri. Anayesema “huyu hasikii kitu” siku hizi ana kazi ya kuthibitisha.

Bei nayo si kisingizio kizuri. Uganda, tangu Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, imewapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji kwa gharama ndogo, na wauguzi wenye mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika.

Pagumu zaidi ni kabla ya kufika Cato Manor, katika hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya kupumulia, gari la wagonjwa likingojwa. Hapo tahadhari ya mofini ni ya haki. Hata hivyo, paja lililovunjika linaweza kufungwa gango, na daktari anayeijua kazi hiyo anaweza kuchoma ganzi kwenye neva ya paja. Maumivu hupungua palepale, pumzi haiguswi, na mboni zinabaki kusomeka hadi Durban.