Kabla ya kulipa getini, hesabu sahani

Likizo ya shule ikikaribia, kundi la familia kwenye WhatsApp huanza kupiga kelele. Kitinda mimba anataka kwenda Chaka akaendeshe yale madude ya magurudumu manne. Dada yako anasema Nanyuki, apige picha kwenye Ikweta. Mzee anakumbuka kwamba hajawahi kuingia mbuga ya Aberdare, ingawa ameitazama maisha yake yote kutoka shambani. Kisha wote wananyamaza wakikungojea wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyepata kazi.

Unatoa simu na kupiga hesabu. Nauli, sawa. Kiingilio, sawa. Chakula je? "Aah, tutakula huko huko."

Hayo maneno matatu ndiyo yamewafilisi vijana wengi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya kuliko nauli yoyote. Leo tunataka tuongee kuhusu hayo, kwa sababu msimu wa kutoka na familia unakuja na hatupendi kukuona ukirudi nyumbani na deni la chipsi.

Mmoja wetu katika dawati hili alipitia hayo. Alipata kazi, akakaa miezi minne, akaamua kuwatoa wazazi, shosho na wadogo zake watatu. Mahali penyewe hatutapataja. Kufika saa saba mchana watoto wanalia njaa, menyu ikaletwa mezani. Mama aliisoma upande wa kulia tu, ule wa bei. Akaifunga akasema, "Mimi sijasikia njaa, nitakunywa chai." Baba akasema amekula asubuhi. Shosho, ambaye hasomi Kiingereza, akaangalia nyuso zao, naye akaagiza maji. Mwenzetu aliwalazimisha wale, bili ikaja, pesa za simu hazikutosha, akamalizia kwa mkopo wa simu. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeongea. Jumapili iliyofuata mama alimpigia simu akamwambia, "Mtoto wangu, usitutoe tena. Pesa zako ni chache."

Alichopoteza mwenzetu siku hiyo si shilingi tu. Alitaka wazazi wajivunie, wakarudi nyumbani wakimhurumia. Tangu siku hiyo kila akitaja safari, mzee anasingizia ng'ombe.

Sasa tupige hesabu pamoja. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, wewe weka za unakoenda. Familia ni ya watu saba. Tuseme sahani ya chipsi na kuku ni Sh650 na soda Sh100. Hiyo ni Sh750 kwa kila mtu, jumla Sh5,250. Saa kumi chai na mandazi, Sh200 kila mmoja, Sh1,400. Aiskrimu ya watoto watatu kwa Sh150, ongeza Sh450. Chupa nne za maji kwa Sh100, ongeza Sh400. Umefika Sh7,500. Na kama kiingilio kilikuwa Sh300 kwa kila mtu, ulilipa Sh2,100 pekee getini. Chakula ambacho hukukiweka kwenye hesabu kimekula zaidi ya mara tatu ya kiingilio ulichokuwa ukikiwazia wiki nzima.

Bado hatujamaliza. Soma yale maandishi madogo chini ya menyu. Kuna hoteli ambazo bei zake tayari zina kodi ya VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2. Nyingine huziongeza mwishoni. Kwa Sh7,500, hiyo ni Sh1,350 zaidi, na utaijua ukiwa umeshakula.

Hakuna ubaya wowote kwa mwenye biashara kuuza chakula chake. Ana wafanyakazi wa kulipa, ana stima, ana usafiri wa bidhaa. Lakini elewa soko linavyofanya kazi. Ukiwa mjini Nyeri na hoteli moja ni ghali, unavuka barabara. Ukishalipa kiingilio na uko ndani na watoto wenye njaa, barabara ya kuvuka haipo. Muuzaji ni mmoja na anajua hilo. Ndiyo maana uamuzi wa chakula lazima ufanywe kabla ya geti.

Msimamo wetu basi ni huu: chakula kiwe cha kwanza kwenye bajeti ya safari, si kile kinachobaki baada ya vitu vingine. Kama pesa za sahani hazipo, siku bado haijaiva. Afadhali usogeze safari wiki mbili.

Anza kwa kupiga simu. Dakika tano tu. Uliza: mnaruhusu chakula kutoka nje? Kuna ada ya kukiingiza? Sahani ya watoto mnayo? Bei zenu zina kodi ndani? Viwanja vingi vya burudani vya watu binafsi havitaki chakula cha nje, na hiyo ni haki yao. Lakini ujue mapema, usije ukaachwa na hotipoti yako getini kama mtu aliyebeba bomu.

Mbuga za kitaifa ni hadithi tofauti. Aberdare na Mlima Kenya kuna sehemu za kuketi na kula mlichobeba, mkitazama msitu bure. Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 chupa za maji, vikombe, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Kwa hivyo beba vyombo vya nyumbani: sahani za bati, vikombe, chupa za chuma, kikapu cha shosho. Hapo tayari umeokoa pesa za maji. La pili ni nyani. Nyani wa hapa hawaombi, wanachukua. Chakula kikae kimefunikwa hadi mtu wa mwisho aketi, na mabaki yote mrudi nayo.

Halafu kumbuka unaishi wapi. Mtu wa Nairobi akitaka kubeba chakula anaanzia mbali. Wewe uko kwenye jikoni yenyewe. Viazi, karoti na kabeji vinavyouzwa kwa bei ya dhahabu kwingine vinatoka Kieni. Mchele wa pishori unatoka Mwea, hapo chini tu. Soko la Karatina watu husafiri kutoka mbali kuja kununua, na wewe unapita kando yake ukienda kununua chipsi.

Turudi kwa ile familia ya watu saba, na bei zetu za mfano. Pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili, Sh180. Mafuta, Sh150. Kuku wawili wa gredi, Sh1,200. Mayai kumi ya kuchemsha, Sh200. Ndizi na parachichi, Sh200. Nduma, Sh300. Maziwa, majani na sukari ya chai, Sh220. Gesi au makaa, Sh150. Jumla Sh2,600. Sasa nunua aiskrimu hapo hapo, si ya watoto watatu tu bali ya watu wote saba, hata shosho: Sh1,050. Umetumia Sh3,650. Hiyo haifiki nusu ya zile Sh7,500, na kila mtu ameshiba nyama.

Chagua chakula kinachovumilia safari. Chapati, nduma, viazi vitamu, mayai na kuku aliyekaushwa vizuri havina shida. Githeri na mukimo tunavipenda, lakini ukivifungia vikiwa moto ndani ya mkebe tangu alfajiri, kufikia saa nane vinaweza kuwa vimechacha, na gari la kurudi litakuwa na hadithi nyingine. Na usidharau chupa ya chai. Agosti huku mlimani baridi ni kali, na kikombe cha chai ya moto kitamtuliza mzee kuliko soda yoyote ya Sh100.

Tunajua kuna watakaosema kubeba hotipoti ni ushamba. Wewe na simu yako ya maana, halafu picha ya Instagram ina chapati ndani ya kitambaa? Sikiza. Hata Disneyland kule California, iliyofunguliwa mwaka wa 1955 na ambayo ndiyo wengi wanaiga wakijenga viwanja vya burudani, huruhusu wageni waingie na chakula chao, mradi wasilete pombe wala vyombo vya glasi. Wazungu wenye dola wanabeba mkate wao. Wewe unayelipwa mwisho wa mwezi unaona haya ya nini?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na tunalikubali. Ukisema "tubebe chakula", nani anaamka saa kumi usiku kukipika? Mara nyingi ni mama. Yule uliyesema unamtoa apumzike ndiye anayesukuma chapati gizani, kisha anapakua huko, kisha anaosha vyombo jioni. Hiyo si likizo, ni kazi ile ile iliyohamishiwa chini ya mti. Kwa hivyo weka sheria: aliyepanga safari ndiye anayepika, na ndugu zake wote wanashika kazi, wavulana wakiwemo. Kijana wa Nyeri anayeweza kuendesha nduthi kwenye matope hawezi kushindwa na chapati. Kama hakuna wa kupika, basi kuna njia ya kati: kuleni mjini kabla ya kuingia. Hoteli za Nyeri mjini, Chaka na Nanyuki zinauza pilau, ugali na nyama kwa bei ya kila siku. Mshibe saa tano, muingie saa sita, na ndani mnunue chai tu.

Kuhusu pesa zenyewe, zitenge. Usiache pesa za sahani zikae pamoja na pesa za matumizi, kwa sababu matumizi hayana adabu. Wengine huweka Sh500 kila wiki kwenye akaunti ya kufungia ya simu. Wiki nane zinatosha kwa mfano wetu na chenji inabaki. Wengine hutumia chama cha ndugu: kila mwenye kipato anachanga kidogo, hata yule wa Sh200, ili safari isiwe mzigo wa mtu mmoja. Na tafadhali, usilipie chakula cha burudani kwa Fuliza. Tozo yake inahesabiwa kila siku. Kuku ataisha tumboni Jumamosi, deni liendelee kula hadi mshahara.

Neno moja pia kwa wenye viwanja vya burudani na hoteli za ukanda huu. Bandikeni bei za chakula getini na kwenye kurasa zenu, kodi ikiwa ndani. Wekeni sahani ndogo za watoto na maji safi ya kunywa ya bure. Anayetaka kuzuia chakula cha nje aseme hivyo wazi kabla mgeni hajapanda matatu. Familia iliyojua bei itakuja na pesa zake na itarudi. Familia iliyoshtuliwa mezani hulipa mara moja tu, halafu hamwioni tena. Watalii wa kigeni wanaokwenda Ol Pejeta kuwaona Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, huja kwa msimu. Mtu wa Othaya na wa Kerugoya yupo mwaka mzima.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lako ni hiyo simu. Kwa hivyo kabla hujaandika kwenye kundi la familia kwamba "tunatoka Jumamosi", andika kwanza mambo matatu: tutakula nini, tutakulia wapi, na nani ameshika pesa za chakula. Ukishayajibu, ndipo ulipie geti.

Halafu siku hiyo, chakula kikifunuliwa, mpe mama kipande cha kwanza. Akikwambia hajasikia njaa, mwambie ukweli: kuku huyu tulimnunua wiki iliyopita na hakuna deni lake mahali popote. Utamwona akila.