Uchaguzi wa serikali za mitaa: Dola isiyo na dini, wapiga kura wenye dini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haiachi shaka kuhusu uhusiano wa dola na dini. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 nayo inakataza kusajiliwa kwa chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya imani au kundi lolote la dini. Hata swali la dini halijaulizwa katika sensa yoyote tangu ile ya mwaka 1967.

Hata hivyo, msimamo huo haupimwi Dodoma peke yake. Unapimwa zaidi katika ofisi ndogo ya mtaa au kijiji. Kwa upande wa Tanzania Bara, wananchi huchagua kila baada ya miaka mitano viongozi wa vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Zanzibar utaratibu ni tofauti, kwani huko sheha huteuliwa.

Wapo wanaoudharau uchaguzi huu wakiuona mdogo. Lakini mwenyekiti wa mtaa ndiye anayemtambulisha mkazi kwa ofisi nyingine, hushuhudia mauziano ya viwanja na kusikiliza ugomvi wa majirani. Kijijini, halmashauri yenye wajumbe 15 hadi 25 husimamia ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ombi la kiwanja cha msikiti, kanisa au makaburi hupita mikononi mwao. Kiongozi mwenye upendeleo wa dini hahitaji kuvunja sheria ili aumize. Inatosha kuchelewesha muhuri.

Yaliyotokea Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013 yanafundisha. Mgogoro kuhusu nani ana haki ya kuchinja mifugo ya kitoweo cha watu wote uligeuka ghasia, na mchungaji mmoja aliuawa. Chanzo hakikuwa hoja ya kitaifa wala ilani ya chama chochote. Lilikuwa jambo la bucha na soko, la majirani waliokuwa wakinunua nyama mahali pamoja kwa miaka mingi. Mambo ya aina hiyo ndiyo yanayomkuta kwanza kiongozi wa kijiji au mtaa, kabla hayajafika kwa mkuu wa wilaya. Palipo na kiongozi anayeaminiwa na pande zote, huweza kumalizwa mapema. Asipoaminiwa na upande mmoja, hugeuka moto.

Je, mpiga kura anakosea anapoijali imani ya mgombea? Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Asiyetakiwa kuwa na upande ni dola na kila anayetumia madaraka yake. Raia hajawekewa sharti hilo. Kura ni siri, na dhamiri yake, iwe imelelewa msikitini au kanisani, ni mali yake. Kinachokatazwa ni kuigeuza dhamiri hiyo kuwa amri ya kundi.

Hatari hiyo haionekani sana siku ya kupiga kura. Kwa kuwa sheria hairuhusu mgombea binafsi, kila anayetaka uongozi hupitia chama, na mnong'ono wa "huyu ni mwenzetu" hupata nafasi kwenye kura za maoni, mahali ambapo wapiga kura ni wachache na wanafahamiana kwa majina.

Viongozi wa dini nao wamewekwa katika njia panda. Wanapowahimiza waumini kujiandikisha na kudumisha amani, husifiwa na serikali. Wanapokosoa, huambiwa wasichanganye dini na siasa. Mwaka 2018, ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wa Kanisa Katoliki na ule wa Pasaka wa maaskofu wa KKKT uligusia hali ya siasa nchini. Baadaye ilibainika kuwa ofisi ya msajili wa jumuiya iliwaandikia KKKT ikitaka waraka wao ufutwe, barua ambayo waziri mwenye dhamana aliitangaza kuwa batili. Kutokuwa na upande hakuwezi kumaanisha kwamba sifa zinaruhusiwa na lawama zinakatazwa.

Inafaa pia kuuliza kwa nini nyaraka hizo zilipata usikivu mkubwa kiasi hicho. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia mwaka 2016 hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa mitaa wa Novemba 24, 2019, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa kwa wingi. Malalamiko ya kuenguliwa yalirudi katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024, ambao kama uliotangulia ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara iliyokuwa wakati huo chini ya Ofisi ya Rais. Katika chaguzi zote mbili CCM ilitwaa karibu viti vyote.

Jukwaa la siasa linapofungwa, malalamiko hayafi. Hutafuta paa jingine, na paa lililo wazi kila Ijumaa na kila Jumapili ni nyumba ya ibada. Anayetaka mimbari isiingie katika siasa hana budi kwanza kuhakikisha kwamba siasa ina mahali pake halali, yaani wagombea wasioenguliwa kwa makosa madogo ya kujaza fomu, msimamizi asiyetiliwa shaka na mikutano isiyozuiwa.

Kwa upande wao, viongozi wa dini wana mpaka ulio rahisi kuutambua. Kuhimiza watu wapige kura ni wajibu wa uraia. Kukemea rushwa na uonevu ni sehemu ya mafundisho yao. Kumtaja mgombea kwa jina na kumfungamanisha na imani ni kuwagawa majirani ambao kesho watahitaji muhuri wa ofisi ileile.

Uchaguzi mwingine wa mitaa unatarajiwa mwaka 2029. Muda uliopo unatosha kurekebisha kanuni kabla ya joto la kampeni kuanza. Yasipofanyika mapema, mzigo wa kulinda umoja utaachiwa wenyeviti wa mitaa, ambao baadhi yao watakuwa wamepita bila kupingwa na hivyo hawakupata nafasi ya kuthibitisha kwamba wanakubalika kwa Waislamu, Wakristo na wasio na dini kwa pamoja.