Bomba la mafuta: Mkutano wa kijiji si mkataba

MFANYABIASHARA wa Kagarama anayevuka Rusumo kwenda kununua mchele na maharage mkoani Kagera hupishana njiani na malori ya mafuta yanayokuja Kigali. Ndiyo maana likitajwa bomba la mafuta, wengi hapa Kicukiro huuliza swali moja: je, bei ya petroli itashuka?

Kwa bomba linalozungumzwa zaidi sasa, jibu ni hapana. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), kutoka Kabaale wilayani Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Kazi yake ni kusafirisha mafuta ghafi ya kuuzwa ng'ambo, si petroli ya vituo vyetu.

Hata hivyo, linatuhusu. Bomba hilo linapita Kagera, mkoa ambao maelfu ya wenzetu waliuacha mwaka 2013 na kurudi nyumbani kupitia Rusumo. Aidha, tangu miaka ya 2000 umekuwapo mpango wa kurefusha bomba la Kenya la mafuta yaliyosafishwa, kutoka Eldoret hadi Kampala na baadaye Kigali. Mpango huo haujatekelezwa. Ukifufuliwa, yaliyowapata wakulima wa Kagera na Hoima yatakuwa somo letu.

Swali la msingi ni hili: kampuni inapoitisha mkutano wa kijiji, inakuja kuuliza au kuarifu?

EACOP inamilikiwa na TotalEnergies ya Ufaransa kwa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya serikali za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Mikutano haikukosekana. Kampuni iliajiri maofisa wa uhusiano na jamii, ikafungua utaratibu wa kupokea malalamiko, na ikawajengea nyumba mpya baadhi ya waliohamishwa. Wenye mali zaidi ya 13,000 waliguswa, wengi wao wakipoteza kipande cha shamba katika ukanda wa mita 30.

Kilicholeta manung'uniko ni kalenda. Tathmini ya mashamba ilifanyika zaidi mwaka 2018 na 2019, ikawekwa tarehe ambayo baada yake mgomba au mkahawa mpya haungehesabiwa. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 1, 2022, na wengi walilipwa kati ya mwaka 2021 na 2023. Mkulima ambaye akiba yake ni mibuni alikaa miaka kadhaa bila kujua apande au aache, huku bei ya shamba la kununua mbadala ikipanda. Kampuni iliongeza kiasi fulani kwa ajili ya kuchelewa, lakini nyongeza hairudishi misimu iliyopita.

Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi, na Uganda ikalipinga vikali. Julai 2023 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi kaya za Uganda zilivyosubiri fidia. Januari 2024 TotalEnergies yenyewe ilimpa Lionel Zinsou, waziri mkuu wa zamani wa Benin, kazi ya kupitia zoezi zima la ardhi. Ujenzi haukusimama, na katikati ya mwaka 2025 ulikuwa umevuka nusu.

Tukilinganisha sheria, tofauti inaonekana. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Neno "haraka" lenyewe halitaji idadi ya siku. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 ilitaja idadi: malipo ndani ya siku 120 tangu fidia iidhinishwe, na nyongeza ya asilimia 5 kwa usumbufu. Siku zikitajwa, hata asiye na wakili anaweza kuzihesabu na kudai.

Tena uhusiano wa kampuni na majirani hauishii kwenye fidia. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la Kenya na kuingia mtaroni katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 walikufa. Nyumba zilikuwa zimebanana na njia ya bomba. Mtaa wa namna hiyo unahitaji kuelezwa hatari mara kwa mara, na unahitaji mahali pengine pa kuishi.

Kwa hiyo, siku wapimaji watakapofika kwenye vilima vyetu, mwananchi asiridhike na soda ya mkutano. Aulize mambo matatu: tathmini iko wapi kwa maandishi, malipo ni tarehe gani, na ikipita tarehe hiyo nani anawajibika. Waliorudi wanalijua hili kuliko wengine, kwani shamba lisilo na hati ni vigumu kulidai ukiwa ng'ambo ya mpaka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.