Gari na njia ya Omate
Mwenye gari Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, hutumia nguvu nyingi zaidi kwa njia kuliko kwa gari lenyewe. Barabara ya udongo kutoka Sake kupitia Masisi hugeuka matope mvua inaponyesha. Lori moja likinasa, yaliyo nyuma yote husimama. Mizigo ya kwenda machimbo ya dhahabu ya Omate huishia kwenye pikipiki na migongo ya watu. Kinachouma zaidi ni Kilambo, karibu na Walikale: kipande adimu cha lami kilifanywa uwanja wa ndege za kubeba kasiteriti (madini ya bati) ya mgodi wa Bisie, na magari yakasubiri. Tena magari mengi yana usukani kuume, ilhali Kongo watu huendesha upande huohuo wa kuume. Dereva akitaka kupita lori humtegemea abiria aliye kushoto amtazamie mbele.